Wapangaji wa Aina Mbili

Neno letu "mpangaji" lina mambo. Mpangaji ni yule anayepanga mji: anachora barabara iende wapi, bomba lipite wapi, shule ikae upande gani. Mpangaji vilevile ni yule anayepanga chumba, mwisho wa mwezi analipa kodi, na akishindwa vitu vyake vinatolewa nje. Lugha nyingine zina majina mawili kwa watu hao. Sisi tuna moja, na mtu akisema tu "wapangaji wamekutana jana" lazima umuulize, wapangaji gani?

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za chama kimoja kidogo cha wapangaji wa aina ya kwanza, huko New York, miaka mia moja iliyopita. Nilianza kwa sababu nilitaka kujua watu wanaochora makazi wanafikiri nini wakishika penseli. Nikajikuta nasoma zaidi habari za wale wa aina ya pili. Naiandika hapa kwa ajili yetu tunaoishi kwenye ploti zilizochorwa na wengine, na kwa ajili yenu wa mashirika mnaokuja na ramani.

Chama chenyewe kiliitwa Regional Planning Association of America, yaani chama cha mipango ya kanda cha Marekani. Jina kubwa, watu wachache. Kilianza Aprili 1923 na wakati wote wa uhai wake wanachama hawakuzidi ishirini na kitu. Hakikuwa idara ya serikali, wala hakikuwa na bajeti ya kujivunia. Walikutana kula na kubishana, saa nyingine mjini, saa nyingine kwenye shamba moja la New Jersey mwisho wa wiki. Aliyewakusanya ni Clarence Stein, msanifu majengo. Alikuwepo Henry Wright, msanifu pia na mtu wa hesabu. Alikuwepo Lewis Mumford, mwandishi, na Benton MacKaye, mtaalamu wa misitu. Alikuwepo Alexander Bing, tajiri aliyepata mali kwa kujenga na kuuza majumba, na Stuart Chase, mchumi. Baadaye akaingia Catherine Bauer, mwanamke kijana ambaye nitamrudia.

Baadhi yao walikuwa wametoka kwenye kazi ya dharura, na hilo ndilo lililonivuta kwanza. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, viwanda vya meli viliita maelfu ya wafanyakazi kwenye miji isiyokuwa na vitanda vya kuwatosha. Serikali ikalazimika kujenga makazi yenyewe, jambo ambalo haikuwa imezoea kabisa. Wright alifanya kazi huko, pamoja na wenzake Frederick Ackerman na Robert Kohn. Walijenga upesi, lakini hawakujenga ovyo: mitaa ilipangwa, maduka yaliwekwa, miti ilipandwa. Kisha vita ikaisha, na serikali ikaziuza nyumba zile kwa watu binafsi na kufunga hesabu. Sisi hapa tunaijua sana hiyo. Dharura inaleta pesa, dharura ikitangazwa imekwisha pesa inarudi ilikotoka, na watu bado wako pale pale. Lakini wale wasanifu waliondoka na jambo moja kichwani: kumbe inawezekana kujenga mtaa mzima kwa pamoja, ukiwa umefikiriwa kabla watu hawajaingia.

Jambo la pili walilitoa Uingereza. Huko Ebenezer Howard alikuwa ameandika tangu 1898 kuhusu miji ya bustani, na mwaka 1903 mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ukaanzishwa. Watu wengi wakisikia "mji wa bustani" wanafikiria maua. Howard alikuwa anafikiria ardhi. Shamba likiwa mji, bei yake inapanda mara nyingi, na swali lake lilikuwa, ile faida iende kwa nani? Yeye alitaka ardhi yote ishikwe kwa pamoja kwa niaba ya wakazi, ili kodi inayopanda irudi kujenga shule na hospitali zao wenyewe. Shika hilo la ardhi, msomaji. Ndilo litakalopotea njiani.

Mwezi Mei 1925 gazeti la Survey Graphic lilitoa toleo zima lililoandaliwa na wanachama hawa. Ndani yake Mumford aliandika makala aliyoiita "Uhamaji wa Nne". Nilipoona kichwa hicho nilijua huyu mtu atanisemesha. Yeye anaieleza historia ya Marekani kama historia ya kuhama. Uhamaji wa kwanza ni wa watu waliokwenda magharibi wakifungua ardhi (na kuwaondoa wenyeji wa ardhi hiyo, jambo ambalo kwake halichukui nafasi ya kutosha). Wa pili ni wa kutoka mashambani kwenda miji ya viwanda. Wa tatu ni wa kwenda miji mikuu kama New York, kwenye mabenki na maofisi. Kila uhamaji, anasema, ulitokea bila mtu kujiandaa, na kila mara watu walikuta vumbi, moshi na vyumba vya giza. Sasa wa nne ulikuwa unaanza, kwa sababu gari, simu na umeme vilimruhusu mtu kukaa mbali na kituo cha treni na bado akafanya kazi. Chama kikasema: huu angalau tuupange kabla haujatupanga.

Mimi nimehama mara tatu na hakuna hata mara moja niliyohama kwa sababu ya umeme. Kwa hiyo simchukui Mumford mzimamzima. Lakini napenda kwamba kwake mtu anayehama si ajali iliyoharibu mpango mzuri. Kwake mji wenyewe umetengenezwa na kuhama, na kosa ni la wale wanaoshangaa kila mara watu wakifika.

Serikalini pia walipata mguu. Stein aliongoza tume ya makazi na mipango ya kanda ya jimbo la New York chini ya gavana Al Smith, na mwaka 1926 tume ilitoa ripoti ambayo Wright ndiye aliyeichora kwa sehemu kubwa. Humo anaonyesha jimbo zima katika nyakati tatu. Kati ya 1840 na 1880 watu wametapakaa kwenye miji midogo ya maji na mifereji. Kati ya 1880 na 1920 reli imewavuta wote kwenye mstari mmoja mwembamba. Halafu wakati ujao, ambapo malori na nyaya za umeme zingeweza kuwatawanya tena vizuri, kama mtu angetaka. Mwaka huohuo jimbo likapitisha sheria ya kuzipunguzia kodi kampuni zilizokubali kujenga nyumba kwa faida yenye kikomo.

Nadhani Wright ndiye niliyempenda kuliko wote. Mumford anaongea, Wright anahesabu. Aliuliza nyumba inagharimu nini hasa, na akaona kwamba fundi na matofali ni sehemu tu. Kuna barabara mbele ya nyumba, kuna bomba la maji safi na la maji machafu, na juu ya yote kuna riba ya mkopo, ambayo mkazi anailipa miaka na miaka bila kuiona kwa macho. Ukipunguza riba kidogo, kodi inashuka. Ukifupisha bomba, unapata pesa ya kiwanja cha watoto. Mtu yeyote aliyewahi kuona bomba la kambi likizungushwa mbali kwa sababu bloku zilichorwa kabla ya mtu wa maji kuulizwa, atamwelewa Wright mara moja.

Mwaka 1924 wakaacha maneno wakajenga. Bing alianzisha kampuni, City Housing Corporation, ambayo wenye hisa walikubali kutopata faida zaidi ya asilimia 6. Ikanunua zaidi ya ekari 70 za kampuni ya reli huko Queens, ng'ambo ya mto kutoka Manhattan, kando ya yadi za treni. Mahali hapo pakaitwa Sunnyside Gardens. Stein na Wright walitaka kupanga barabara upya, lakini wahandisi wa mji wakakataa kabisa: ramani ya mji ilishakuwa na mistari iliyonyooka inayokatana, basi itabaki hivyohivyo. Wao wakafanya kile ambacho mtu mwenye akili hufanya akinyimwa barabara: wakageukia ndani ya bloku. Nyumba zilijengwa pembeni, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na katikati pakaachwa bustani moja kubwa ya wote. Majengo yalichukua chini ya theluthi ya ardhi. Nyumba zilikuwa nyembamba, vyumba viwili tu kutoka mbele hadi nyuma, ili kila chumba kiwe na dirisha la nje. Hakuna chumba cha giza. Kwa New York ya wakati ule, ambako familia za maskini zilikaa kwenye vyumba visivyojua jua, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kufikia 1928 familia kama 1,200 zilikuwa zimeingia. Mafundi, makarani, wauzaji wa dukani, walimu, wasanii wachache. Mumford mwenyewe alihamia na mke wake mwaka 1925 na akakaa humo zaidi ya miaka kumi. Namheshimu kwa hilo. Mpangaji wa aina ya kwanza akawa jirani wa mpangaji wa aina ya pili, akilalamika kelele zilezile.

Bustani ya katikati ilikuwa na utaratibu wake. Kila nyumba ilikuwa na kipande kidogo cha kwake, halafu kila mwenye nyumba alikubali, kwa maandishi kwenye hati, kwamba sehemu iliyobaki ni ya wote, haitajengwa wala kuzungushiwa ua, kwa miaka 40. Mbona 40? Mtu aliyenunua mwaka ule hakuona shida, miaka arobaini ni mbali.

Hapa nitoke kidogo New York. Kalobeyei ilifunguliwa mwaka 2016, kilomita chache kutoka Kakuma, ambayo iko tangu 1992. Tofauti na Kakuma iliyokua yenyewe kadiri watu walivyomiminika, Kalobeyei ilichorwa. Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, lilishiriki kuandaa mpango wake: vijiji vyenye masoko na shule, na wazo kwamba wakimbizi na wenyeji Waturkana watatumia huduma pamoja. Kwenye karatasi ni mtoto wa ukoo wa Stein na Wright kabisa, hata kama waliouchora hawakuwataja.

Miaka michache baadaye kulikuwa na mkutano kwenye bloku yetu. Shirika fulani lilikuja kutuonyesha mchoro wa mfereji wa maji ya mvua, kwa sababu laga ikijaa inaingia hadi kwenye nyumba. Kijana aliyetumwa alikuwa na adabu, alitandika ramani kwenye meza, akatuita tusogee. Kila mtu akatafuta nyumba yake. Mama mmoja wa kwetu Kivu, mtu mzima, aliangalia muda mrefu kuliko wengine. Akauliza: "Mutoto yangu, hii karatasi iko na jina yangu?"

Kijana akasema, "Hapana mama, hii inaonyesha tu mpango. Nyumba yako ni hii hapa, hiki kimraba."

"Basi iko na jina ya nani?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na kijana wa watu hakuwa na jibu, maana si yeye wa kulaumiwa. Mfereji ulichimbwa. Vibanda vinne vya biashara vilivyokuwa kwenye mstari vilivunjwa, kimoja chao cha shemeji yangu, na hakukuwa na fidia kwa sababu hakukuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba pale palikuwa pa mtu. Maji sasa hayaingii ndani, hilo lazima niseme. Vilevile shemeji yangu hajafungua duka tena.

Turudi kwa wenzetu. Baada ya Sunnyside walipata moyo wakataka mji mzima. Mwaka 1928 walianza Radburn, New Jersey, kwenye mashamba ambako hakukuwa na mhandisi wa kuwashurutisha mistari. Magari yalikuwa yameongezeka na watoto walikuwa wanagongwa. Basi Stein na Wright wakatenganisha magari na miguu. Walichora bloku kubwa sana, barabara za magari zikiingia kwa vichochoro vifupi visivyopenya. Nyumba zikageuza mgongo kwa gari na uso kwa bustani, na katikati ya bloku pakawa na uwanja mrefu. Pale njia ya miguu ilipokutana na barabara kubwa, ilipita chini yake. Mtoto aliweza kutoka nyumbani hadi shuleni bila kukanyaga barabara ya magari. Na hesabu ya Wright ikatimia: Stein alieleza baadaye kwamba pesa zilizookolewa kwenye barabara ndogo na mabomba ndizo zilizolipia viwanja.

Ilikusudiwa kuwa mji wa watu 25,000 wenye viwanda vyake. Familia za kwanza ziliingia 1929. Oktoba mwaka huohuo soko la hisa la New York likaanguka.

Sasa hapa ndipo vitabu vingi vya mipango miji vinapopita haraka, na mimi ndipo ningependa kukaa.

Kumbuka ardhi ya Howard, ile ya kushikwa kwa pamoja. Kampuni ya Bing haikuweza kuishika. Pesa zake zilikuwa za wenye hisa na za mikopo, ilibidi ziuzwe nyumba ili zipatikane nyingine za kujengea. Kwa hiyo watu wa Sunnyside walikuwa wamenunua nyumba zao kwa mkopo, wakilipa kila mwezi, wakiitwa wenye nyumba. Kazi zilipoisha jina hilo halikuwasaidia. Fundi asiye na mshahara anayedaiwa nyumba ana shida kuliko fundi anayepanga chumba, kwa sababu wa chumba atahama na umaskini wake tu, lakini huyu anapoteza na kila alichokwisha kulipa.

Wakazi wakaomba kampuni ipunguze riba na isimamishe madai kwa muda. Kampuni, ambayo nayo ilikuwa na madeni shingoni, ikasema haiwezi. Katikati ya miaka ya 1930 wakagoma kulipa. Walikwenda mahakamani, na maofisa walipokuja kuwatoa watu, wakazi walizuia milango kwa magunia ya mchanga na seng'enge, wakawarushia unga na pilipili. Pilipili, jamani! Katika ule mtaa uliokuwa mfano wa dunia. Mwishowe zaidi ya nusu ya wenye nyumba wa Sunnyside walizipoteza. Kampuni yenyewe ikafilisika. Radburn ikabaki kipande tu cha kile kilichochorwa, familia mia nne hivi, bila viwanda na bila ule ukanda wa mashamba uliotakiwa kuizunguka.

Wako wanaosema hii inaonyesha kwamba mipango ni ndoto za wasomi. Sikubaliani. Jiulize kwa nini Sunnyside iligoma kwa umoja namna ile. Maelfu ya watu New York walitolewa kwenye nyumba zao wakati ule, kila familia na aibu yake. Wa Sunnyside walikuwa wanajuana. Walikuwa na bustani za kukutania, kamati za bustani, watoto waliokua pamoja uani. Ule uwanja wa katikati ambao Wright alipigia hesabu ndio uliowapa mahali pa kupangia mgomo dhidi ya kampuni ya rafiki zake Wright. Mchoro ulifanya kazi yake, na vizuri sana. Kilichokosekana hakikuwa kwenye mchoro kabisa. Kilikuwa kwenye mkataba: nani anabeba hasara mambo yakiharibika. Wataalamu waliojua kupima mwanga wa jua kwenye kila chumba hawakuliweka hilo mezani mapema, na walioubeba mzigo wakawa ni wakazi.

Chama kilififia kufikia 1933, bila mkutano wa kukifunga. Kabla ya hapo kulikuwa na ugomvi maarufu kati ya Mumford na Thomas Adams, Mskoti aliyeongoza mpango mwingine mkubwa wa kanda ya New York, uliolipiwa na mfuko wa Russell Sage. Mpango ule ndio ulizaa Regional Plan Association, ambayo ipo hadi leo; majina yanafanana, usichanganye. Mumford aliandika mwaka 1932 kwamba Adams anaunenepesha mji ulioshavimba. Adams alimjibu kwamba yeye anapanga yanayowezekana. Kila mmoja alikuwa na haki kidogo.

MacKaye, yule wa misitu, alipata kitu ambacho wenzake hawakupata. Mwaka 1921 alipendekeza njia ya miguu juu ya milima ya Appalachia, ikiwa na kambi za kazi na mashamba ya ushirika kando yake. Watu wa kujitolea wakaifyeka kipande kwa kipande hadi 1937, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Maine hadi Georgia. Mashamba ya ushirika hayakujengwa. Njia watu wanaitembea mpaka leo.

Na Catherine Bauer. Yeye aliyaona ya Sunnyside akatoa hesabu tofauti na ya wanaume. Alikuwa amezunguka Ulaya akiangalia nyumba za wafanyakazi zilizojengwa na serikali za miji na vyama vya ushirika, na mwaka 1934 akatoa kitabu chake, Modern Housing. Alichosema, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba nyumba nzuri kwa watu wa kipato kidogo hazitoki kwa tajiri mwema mwenye faida ya asilimia 6. Zinatoka pale wanaozihitaji wanapojipanga wakazidai. Akaacha kukaa na wasanifu, akaenda kufanya kazi na vyama vya wafanyakazi, na alikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria ya mwaka 1937 iliyoifanya serikali kuu ya Marekani iweke pesa kwenye nyumba za umma. Kwenye picha za chama yuko pembeni. Mimi ningemweka katikati.

Mawazo yao yalisafiri, hata kufika kwetu Afrika Mashariki, kwa njia za kuzunguka. Mpango mkuu wa Nairobi wa 1948 ulitumia wazo la mtaa unaojitosheleza, wenye shule yake na maduka yake, wazo ambalo lilikuwa limeshika Marekani tangu miaka ile ya 1920. Lakini Waafrika wengi wa Nairobi wakati ule walikaa kwenye nyumba za manispaa au za mwajiri. Walichorewa mtaa, hawakupewa ardhi. Tanzania ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, mpango wa 1976 ulichorwa na kampuni kutoka Toronto, nao ulikuwa na vitongoji vyenye huduma zao na njia za miguu zilizotengwa na magari. Ukiuangalia, Radburn unaiona. Yaani mistari ilivuka bahari bila shida. Ile hoja ya Howard kuhusu ardhi ni ya nani, kila ilipofika forodhani ilizuiwa.

Nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, najua hamna mamlaka ya kugawa hati. Ardhi hii ina wenyewe, Waturkana, na mkimbizi anayeomba karatasi juu ya kichwa cha mwenyeji anatafuta vita. Sidai hati. Nasema kuna karatasi ndogo kuliko hati. Kuna orodha ya vibanda, yenye majina, inayopigwa picha kabla mstari haujachorwa. Kuna barua inayosema familia hii imejenga hapa kwa pesa zake, kuta hizi ni zake, akihamishwa atahesabiwa. Kuna kumbukumbu za mkutano zinazoachwa kwa mwenyekiti wa bloku, kwa lugha tunayosoma. Mfereji hauongezeki bei kwa hayo. Wright angeweza kuwapigia hesabu.

Ile miaka 40 ya Sunnyside iliisha katika miaka ya 1960. Masharti yalipokwisha nguvu, wengine walizungusha ua kwenye vipande vyao, wengine wakaongeza vyumba, wengine wakamwaga saruji ya kuegeshea gari pale palipokuwa majani ya wote. Majirani waligombana, wengine wanasema ni ardhi yangu, wengine wanasema ni bustani yetu, na kila upande ulikuwa na karatasi mkononi. Mwaka 1974 mji uliweka sheria maalumu ya kuulinda mtaa, na mwaka 2007 ukatangazwa kuwa urithi. Sehemu nyingine ua uliondolewa, sehemu nyingine umebaki hadi leo, unapita katikati ya bustani kati ya miti waliyoipanda wale mafundi na makarani wa mwanzo, ambao wengi wao walikuwa wameshatolewa kabla miti haijafika dirishani.